Ratili Kumi za Njeru

Alhamisi, 3 Machi 1955
Nimepima masanduku manne ya dawa, nusu gunia la chumvi, mfuko wa barua. Kisha Njeru: ratili 132. Nimeandika. Ndege imekimbia kidogo tu kwenye nyasi, ikaruka ghafla. Ndiyo maana tunaiita Panzi. Uwanja wa Kiritiri, inakopeleka mizigo, ni mfupi na una joto, kwa hiyo rubani hachukui msaidizi anayezidi ratili 140. Kila Alhamisi Njeru anapanda, mimi nabaki na mizani ya kahawa na vumbi mdomoni.

Mimi ni 151. Na kazi hii niliianza kabla yake. Nina wivu. Naandika hivyo ili nisijidanganye.

Jumamosi, 5 Machi
Njeru kaja mtaani kwetu Majengo kunyolewa. Watu wamemzunguka kwa kinyozi jirani yetu, anawasimulia mlima unavyoonekana ukiwa ubavuni mwako. Hata mke wangu Halima alisimama mlangoni kusikiliza, mpaka mchuzi ukaungua. Miaka tisa ya ndoa, mimi sijawahi kumfanya aunguze mchuzi.

Jumatatu, 7 Machi
Nimeanza kufunga. Halima nimemwambia ni sunna ya Rajabu. Mungu anisamehe. Nafunga kwa ajili ya ndege.

Alhamisi, 10 Machi
147. Njeru 132, kama kawaida. Anakula kama mchimba visima na haongezeki. Namchukia kwa hilo.

Leo kaniambia jambo. Mama yake yuko Kiritiri. Tangu hali ya hatari itangazwe, mtu wa Embu hatembei bila pasi, na yeye pasi ya kwenda kwao kanyimwa mara tatu. Panzi ikitua, mama huja ukingoni mwa uwanja. Wanapata dakika kumi, rubani akivuta sigara.

Ningepaswa kumhurumia. Mama yangu nilimzika kule Maua mwaka juzi, najua thamani ya dakika kumi. Lakini nilichofikiria ni hiki: ndege ni yake, na mama pia anaye.

Alhamisi, 17 Machi
142. Kizunguzungu. Muuza nyama wa jirani kaniambia nimekonda kama mtu aliyeachwa.

Nimemwomba rubani nafasi. Kasema msaidizi anaye. Siku Njeru akizidi uzito, tutazungumza. Akacheka. Mimi sikucheka.

Jumatano, 23 Machi
139! Nimejipima mara tatu. Sasa kilichobaki ni Njeru.

Alhamisi, 24 Machi
Nimefanya. Njeru aliposimama kwenye mizani, nilikanyaga ukingo wa bamba kwa kidole cha mguu. Mkono wa mizani ukapanda. Nikasoma kwa sauti: 142.

Njeru akajitazama tumbo. "Hii mizani imenionea, ama ni mimi nimeshiba?" Rubani akasoma daftari, akatikisa kichwa, akanielekezea mimi kidole. Njeru alinifunga mkanda kwa mikono yake mwenyewe. Kanionyesha pa kushika.

Angani nilitapika. Tumbo tupu, maji matupu. Mlima ulikuwa upande wa kulia, nao niliuona kidogo. Nusu saa yote nilimwona Njeru, amesimama kando ya mizani.

Kiritiri. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufukuza mbuzi uwanjani. Ya pili ilikuwa mama yake. Mwembamba, ana kibuyu mkononi, na askari wa kijiji nyuma yake. Hajui Kiswahili. Askari akatafsiri: yuko wapi mwanangu? Ni mgonjwa? Wamemkamata?

Niliona uso wake, nikasema la kwanza lililokuja. Hapana mama, ni mzima. Amenenepa tu. Ndege imeshindwa kumbeba.

Askari akatafsiri. Mama akaziba mdomo kwa kiganja. Kisha akacheka, akacheka mpaka machozi yakatoka, akainua mikono juu kushukuru. Mwaka mzima alikuwa akiziona mbavu za mwanawe. Amenenepa! Akawaita wanawake waliokuwa wakichimba mtaro wa kijiji waje wasikie.

Halafu akanitazama mimi, mashavu yaliyoingia ndani. Akanitia kibuyu mkononi. Asali. Askari akasema: mama anasema huyo wake ameshashiba, hii kula wewe, wewe ndiye una njaa.

Kama angenipiga kofi ningeshukuru.

Ijumaa, 25 Machi
Kibuyu kiko chini ya kitanda. Halima kauliza ndege ilikuwaje. Nimesema nzuri. Nimekula wali sahani mbili.

Jumatatu, 28 Machi
Nimempelekea Njeru asali. Nimemwambia yote: kidole, Rajabu, mama, kicheko. Nilitaka anitukane.

Alifungua kibuyu, akanusa asali. Kisha akasema, "Sasa Alhamisi ataniona na hizi mbavu. Tutamwambia nini, Hamisi?"

Alisema tutamwambia, yeye na mimi. Hilo ndilo limenimaliza.

Alhamisi, 31 Machi
Njeru kaja amevaa mashati mawili, sweta, na juu yake koti langu la baridi nililompelekea jana. Kitambaa amekizungusha tumboni. Anaonekana kama chifu. Amejipaka mafuta mashavuni yang'ae.

Akapanda mizani. Nikarudi nyuma hatua mbili, aone miguu yangu. 142, za kweli safari hii. Rubani alikuwa anakuja. Njeru akanitazama. Nikasema, siandiki uongo tena, hata wa kukusaidia.

Akainama, akavua viatu. Buti zile nzito za kazi. 139. Nikaandika 139.

Akapanda ndege peku, amenenepa. Panzi ikakimbia kidogo, ikaruka, ikageukia kusini. Nilibaki na vumbi mdomoni kama siku zote.

Wivu bado ninao. Ila ndege siitaki. Saa hizi wametua. Kuna mtu anamshika mashavu, anacheka.

Viatu vyake nimeviweka chini ya meza, kivulini, visishike joto.