Walivyotaka Kuiruka Nyumba Yangu

Makambako,
Njombe.
20 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Idda,

Kamwene, mdogo wangu. Nakusalimu katika jina la Bwana. Hamjambo hapo Singida? Mgongo wa shemeji Efraimu umepoa? Na Ebeneza, kile kikohozi cha mwezi wa tano kimekwisha? Sisi huku tupo, Mungu anatushika. Baridi ya mwaka huu usiulize, upepo unapita hadi kwenye mifupa. Mama yetu nilimwona kule Kifanya wiki mbili zilizopita. Anatembea na fimbo, lakini mdomo ni ule ule.

Ulinipigia mara tatu nikakujibu kwa mkato, ukadhani nimekukasirikia. Hapana. Mume wangu Anold mtu akipiga simu lazima aweke spika, na haya ninayokuandikia si ya spika.

Uliniuliza kama nimepona. Daktari anasema nimepona. Kipimo cha mwezi wa nne kilikuwa safi, ile kansa ya njia ya haja kubwa haipo tena, na namshukuru Mungu kwa kinywa changu chote. Lakini Idda, mbona hakuna aliyeniambia kwamba ugonjwa utaondoka na mionzi itabaki? Wiki sita nilikaa Dar nikichomwa, kisha wakaniambia nenda, ule vizuri, upumzike. Ni kama mtu aliyekuzimia moto nyumbani akaondoka huku akikupongeza, na wewe umebaki unalala kwenye majivu.

Mwaka na nusu sasa. Haja ikinishika hainipi nafasi hata ya kukaza kanga. Nikichelewa kidogo, imeshatoka. Nikikaa kwenye benchi la mbao ni kama nimekalia upupu. Kila jioni nakaa kwenye beseni la maji vuguvugu, kama nesi wa Njombe alivyonifundisha, kisha napaka dawa. Huyo nesi Mungu ambariki, ndiye wa kwanza kuniuliza swali bila kutazama pembeni. Maharage nimeacha, kabichi nimeacha, nakula viazi kama niliyeapa. Nikitoka nyumbani navaa nepi za watu wazima. Na ya chumbani nayo yamekuwa magumu, pamekaza na panauma. Anold ananivumilia. Lakini kuvumiliwa nako kunachosha, Idda.

Sasa sikia kilichoniwasha. Wifi yangu Elina ndiye mtu pekee niliyemweleza yote, kwa sababu ndiye aliyekuwa ananifulia nilipotoka Dar. Nilimwambia, wifi, haya ni ya mimi na wewe. Yeye akayapeleka jumuiya, kwenye sala zetu za nyumba kwa nyumba. Siku hiyo mimi nilikuwa kliniki Njombe. Walipofika kwenye mahitaji ya maombi akasimama, akafumba macho, akasema, "Tumwombee mzee wa kanisa wetu Lidia, Bwana afunge kile kilicho wazi." Akaeleza na kilichokuwa wazi, hadi nepi ninazovaa. Watu wakaitikia amina. Siku hizi ukitaka kumsema mtu na usiitwe msengenyaji, unamweka kwenye maombi.

Kuanzia hapo nikaanza kuona mambo. Nikikaa kwenye benchi, watu wanasogea upande wa pili. Mama mmoja kaniletea sabuni mbili, eti zawadi tu. Mwingine akaniuliza sokoni, mbele ya wateja, ugonjwa wa sehemu hiyo mtu anaupatia wapi. Nikamweleza kama daktari alivyosema, kwamba mara nyingi ni kirusi ambacho watu wengi hukipata bila kujua, kile kile kinacholeta kansa ya mlango wa kizazi. Akasema, "Mh." Miaka ishirini na nane ya ndoa, Idda, najibiwa mh!

Jumapili iliyopita ilikuwa siku yangu ya kusoma matangazo. Mwinjilisti Yoramu akanipa karatasi tukiwa ofisini, nikaipitia kimoyomoyo. Imeandikwa jumuiya yetu ya Sayuni Alhamisi itasali kwa Elina. Kwa Elina! Wakati zamu ilikuwa ya nyumba yangu, na mwezi wa nne waliniruka wakisema nipumzike.

Nikamuuliza, "Mwinjilisti, nani kabadilisha?"

Akakuna kichwa. "Mama, tumekuhurumia. Watu wakija kwako utahangaika kuinuka inuka."

"Nitainuka nyumbani kwangu. Au mnaogopa viti vyangu?"

"Usifike huko, mama."

"Nimeshafika."

Nikaenda mbele. Nikasoma tangazo la ndoa, nikasoma la mavuno. Nilipofika pa jumuiya tumbo likanyonga, pale pale, macho yote yakiwa kwangu. Nikasema, "Wapendwa, nisubirini," nikatokea mlango wa pembeni nusu nikikimbia. Chooni nililia. Nikamuuliza Mungu kama alikosa dakika nyingine. Nilitaka kupita njia ya nyuma niende zangu nyumbani nisirudi tena, uzee wa kanisa wampe Elina pamoja na viti vyake. Nakwambia ukweli, kilichonirudisha si imani. Ni hasira. Nikabadilisha, nikanawa, nikarudi.

Mwalimu wa kwaya alikuwa ameanzisha pambio kuwashikilia watu. Nikangoja waishie. Kisha nikasema, "Jumuiya ya Sayuni, Alhamisi saa kumi jioni, nyumbani kwa Lidia, kama zamu ilivyo. Nimetibiwa kansa ya njia ya haja kubwa. Nimepona, ila natoka toka kama mlivyoona. Haiambukizi kwa kiti wala kwa kikombe cha chai. Asiyetaka kuja asije, ila asiniombee nikiwa sipo." Nikakunja karatasi. Mwinjilisti akasahau hata namba ya wimbo.

Alhamisi nikachemsha viazi sufuria kubwa, na chai ya maziwa, nikakaa kusubiri. Saa kumi hakuna mtu. Saa kumi na robo hakuna mtu. Anold akasema labda ni upepo. Nikamwambia anyamaze. Ndipo wakaanza kubisha hodi mmoja mmoja. Katika watu kumi na tisa walikuja kumi na mmoja. Elina aliingia wa mwisho, akakaa mlangoni, chai hakugusa, samahani hakusema. Sijamsamehe. Nikisali Baba Yetu, nikifika pale pa kusamehe naparuka. Mungu ananiona, sitamdanganya.

Wenzake walipoaga, mzee Masumbuko, seremala jirani yetu, alibaki nyuma kama anatafuta kofia. Kofia ilikuwa kichwani. Akaninong'oneza, "Mama, zile nguo za ndani unazovaa, unanunua wapi?" Kumbe tangu alipopasuliwa tezi dume mwaka juzi mkojo haushiki. Ndiyo maana ibadani haji, na huko jumuiya kuja kwake ilikuwa mara moja moja. Sisi tukasema ni magoti. Tumemwombea magoti miaka miwili, Idda! Magoti yake mazima kuliko yako!

Nikampa pakiti nzima ya nepi iliyokuwa kabatini, nikamwandikia jina la duka na jina la yule nesi. Alipoondoka nikakasirika upya, na safari hii haikuwa kwa ajili yangu. Wako wangapi waliojifungia ndani hivi, nasi tunawaombea magoti?

Leo amekuja kanisani. Tumekaa benchi la nyuma, karibu na mlango wa pembeni, mimi na mto wangu wa sponji na yeye na koti lake refu. Alitoka mara mbili, mimi mara moja. Hakuna aliyekufa.

Nisalimie shemeji Efraimu, Ebeneza, na mama mkwe wako. Anold anawasalimu, nimemwambia nakuandikia habari za mahindi. Wewe nawe ukiniombea, usimwambie Mungu aniondolee hasira. Mwombe anipe nguvu. Hasira aniachie kwanza, bado nina kazi nayo.

Mungu awafunike nyumba nzima, awape afya ya kutosha na chakula cha kutosha.

Ndimi dada yako akupendaye sana,
Lidia