Shule Iliyokuwa ya Kwanza

Shule ya Vitsakani,
Kwale.
9 Februari 1969

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Chome,

Shikamoo Baba. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na Mama na wote waliomo nyumbani hapo Lunga Lunga. Je, goti lako limepata nafuu? Na ng'ombe, wanapata maji ya kutosha tangu kisima kilipochimbwa upya? Mimi mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu, ingawa usingizi hauniji vizuri na chakula nakila nikiwa nimesimama. Kwa hayo utajua kwamba nina jambo.

Barua yako niliipata kwa mkono wa dereva wa lori la mahindi. Uliuliza kwa upole, lakini uzito wake niliusikia: kwa nini kwenye harusi ya binamu yetu Randu mimi na Kaka Fondo tulifika mbalimbali, tukakaa mbalimbali, na kila mmoja akaaga peke yake. Ulisema ulimwuliza yeye, naye akakujibu kwamba ni kazi nyingi. Si kazi nyingi, Baba. Niruhusu nikueleze tangu mwanzo, maana nikianzia katikati utamhukumu mmoja wetu kabla hujasikia yote.

Unajua kwamba nilipoajiriwa na baraza niliwekwa katika ofisi ya elimu, chini ya Bwana Musau, niwe msimamizi msaidizi wa shule za msingi. Kila matokeo ya mtihani wa darasa la saba yalipofika, Bwana Musau alipiga hesabu: katika kila watoto mia waliofanya mtihani, ni wangapi wamefaulu. Kisha mimi niliandika majina ya shule kwenye karatasi kubwa ukutani, zilizoshinda juu, zilizoshindwa chini. Madiwani walipokuja kikaoni walipita hapo kwanza, kila mmoja akiitafuta shule ya kwao kwa kidole, hata karatasi ikawa na weusi wa vidole. Shule za juu zilipewa madawati na mabati. Za chini ziliondolewa walimu wake wazuri. Bwana Musau si mtu mbaya, wala sitaki umfikirie hivyo. Alikuwa akisema nchi imejitawala juzi tu, vitu ni haba, na ni lazima ijulikane wapi kazi inafanyika.

Kaka alipopewa ualimu mkuu wa Vitsakani, shule hii ilikuwa chini kabisa kwenye karatasi ile. Akaipandisha, na mwaka jana ikawa ya kwanza. Ulikuwapo siku ile alipopewa saa ya ukutani mbele ya watu. Nilikuona ukijipangusa uso kwa leso, nikajua si jasho. Nami nilikuwa nimeketi mezani pamoja na wakubwa, nikiona fahari kuliko wote.

Wiki ile ile mama mmoja akaja ofisini na binti yake. Jina la mama huyo ni Kalekye, mtu wa Ukambani, mumewe amepewa shamba kule kwenye makazi mapya karibu na Vitsakani. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Alisema amenijia mimi kwa sababu aliniona mezani siku ile ya kutolewa saa, akaona ni mwanamke mwenzake. Hakujua kwamba mwalimu mkuu ni ndugu yangu wa tumbo moja, nami sikumwambia. Nilikaa nikimsikiliza.

Alieleza kwamba binti yake, Kanyiva, alimaliza darasa la sita akaambiwa arudie. Akarudia, akaambiwa arudie tena. Sasa ameambiwa akae nyumbani, kwa kuwa darasa la saba ni la wanaoweza. Wala si yeye peke yake, wako wengi, wa Kikamba na wa Kiduruma. Kisha akaniuliza neno ambalo halijaniacha mpaka leo.

“Mwanangu hajafanya mtihani hata mmoja. Huyo mwalimu amejuaje kwamba ameshindwa?”

Nilimwahidi nitakwenda kutazama mwenyewe.

Nilifika hapa Vitsakani siku ya Ijumaa. Kaka alinipokea kwa furaha kubwa. Wifi Sidi alinipikia wali na kuku wa nazi, watoto wao wakaning'ang'ania kama kawaida. Nikasema nataka kunyoosha miguu kabla ya kula, kumbe nilikwenda kupita majumbani. Baba, niliwakuta watoto wenye akili zao wakichunga mbuzi, wengine wanachoma makaa. Wengine kweli ni wazito wa masomo, sitakudanganya, lakini hakuna aliyewapima. Katika boma moja nilimkuta msichana aitwaye Mbodze, mrefu, mwenye kusoma kwa sauti nzuri. Nilimpa gazeti nililokuwa nimefungia ndizi, akalisoma lote bila ya kusita. Babake alikuwa ameshampokelea mahari. Alisema binti hawezi kukaa bure, na shule wamemkataa.

Nilirudi, nikala kidogo, kisha nikamwambia Kaka yote niliyoyaona. Sikutaka ayasikie kikaoni kabla ya kuyasikia kwangu. Hakukana hata moja. Aliweka mikono yake mezani akaniambia:

“Kache, ninyi ndio mlioomba hesabu, nami nimewapa hesabu. Nikiwaingiza wote tutarudi chini, mtaniondolea walimu, na hao wanaoweza nao wataharibikiwa. Wewe ungefanya nini?”

Swali hilo mpaka leo najiuliza. Akaendelea kusema kwamba sifa alizopewa si zake yeye, ni za watoto waliopata mabati juu ya vichwa vyao. Lakini nilipolitaja jina la Mbodze aliiondoa mikono yake mezani. Nilikuja kujua baadaye kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha msichana yule herufi za kwanza, alipokuwa bado mwalimu wa madarasa ya chini papa hapa. Baadaye aliniuliza nimekuja kama dada au kama mtu wa baraza. Nikamwambia nimekuja kama dada, ndiyo maana nimemweleza yeye kwanza. Akasema, basi kama ni dada, yaishie hapa.

Hayakuishia pale, Baba. Nilimweleza Bwana Musau. Aliniomba ningoje, kwa kuwa wakubwa wa mkoa walikuwa wamekwisha kupanga kuja kuitazama Vitsakani ili shule nyingine ziige. Nikamwambia wakubwa wakishakuja na kuondoka, muda wa kuandikisha watoto kwa mtihani utakuwa umepita. Akanitazama kama mtu anayetafuta njia ya kunikasirikia asiione. Mwisho akasema niende nikaseme mwenyewe mbele ya kamati ya elimu, yeye hatanizuia.

Nikasema. Nilisema yote, nikalitaja jina la ndugu yangu kwa kinywa changu. Nilisema vilevile kwamba karatasi yetu ya ukutani inahesabu waliofanya mtihani tu, na haiwaulizi walio nje, kwa hiyo kosa halikuanzia Vitsakani. Maneno hayo ya pili hawakuyapenda. Walichukua yale ya kwanza. Kaka akavuliwa ualimu mkuu, akaachwa awe mwalimu wa kawaida papa hapa. Ndiyo sababu ya yale uliyoyaona harusini. Hakutaka wewe ujue, nami sikuwa na ujasiri wa kukutia uchungu mbele ya wageni.

Watoto waliandikishwa. Mbodze alirudi shuleni baada ya mimi na Wifi Sidi kwenda kumsihi babake mara kwa mara. Wote wakafanya mtihani, na mwezi uliopita matokeo yakatoka. Mbodze amefaulu, na wavulana wawili katika wale waliokataliwa. Kanyiva hakufaulu. Wengi hawakufaulu. Vitsakani imeshuka karibu na mwisho wa karatasi, kama Kaka alivyosema. Nilikwenda mwenyewe kwa mama Kanyiva kumpa habari, nikitarajia lawama. Alikuwa akipura kunde. Alinisikiliza, akamtazama binti yake, akasema:

“Sasa ameshindwa na mtihani. Hakushindwa na mtu.”

Akanifungia kunde za kwenda nazo.

Sasa Baba nifikie lile ambalo limenifanya niizunguke barua hii siku nyingi. Huenda umeona anwani niliyoiandika juu ukadhani nimekuja kutembea. Matokeo yalipotoka, kamati ilitaka kulifunga darasa la saba la hapa, watoto watakaobaki wapelekwe mbali kuelekea Matuga. Nikasimama tena kupinga. Mmoja akaniuliza ni mwalimu mkuu gani atakayekubali kuja kwenye shule iliyoanguka, akusanye wazito na wepesi pamoja, na mwakani aitwe kujibu. Nikasema nitakuja mimi. Nimeiacha ofisi. Kiti alichoondolewa Fondo kwa maneno yangu, nimekikalia mimi.

Najua jinsi watu watakavyosema, na huenda nawe umeshasema moyoni. Watasema nilimchimba ndugu yangu nipate nafasi yake. Sikuitaka nafasi hii, Baba, lakini siwezi kumlazimisha mtu aniamini.

Jumatatu iliyopita nilikutana na wanafunzi uwanjani kwa mara ya kwanza. Nilidhani Kaka hatakuja. Alikuja mapema kuliko wote, shati limepigwa pasi, akawapanga watoto mistari, kisha akanijia akasema kwa sauti ya kusikika na wote, “Mwalimu mkuu, watoto wako tayari.” Tangu siku hiyo hajaniita Kache. Anafundisha vizuri mno. Ameomba apewe wale wanaorudia darasa, na jioni hukaa nao mpaka wazazi wao waje kuwaita. Tukipishana mlangoni hunipisha mimi kwanza, nami natamani anisukume kama tulipokuwa wadogo.

Nisalimie Mama, umwambie khanga alizoniagiza nimezipata. Nisalimie shangazi Esha na majirani wote. Wifi Sidi anakusalimu sana, na wajukuu zako wanauliza utakuja lini. Kaka anajua kwamba nakuandikia. Hakunipa salamu za kukuletea, alisema atakuandikia mwenyewe. Barua zetu zikikufikia pamoja, nakuomba umjibu yeye kwanza. Mimi nitangoja.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Kache Chome