Mkojo Usio Wangu

Mikindani, Alhamisi, Machi 1953

Mvua imekatika alasiri hii, joto limebaki. Nimetoka kazini mapema, nikasingizia kichwa. Kichwa hakiumi. Kimevurugika tu.

Niandike kwa utaratibu, huenda nikaelewa.

Tangu mwezi uliopita naona sisimizi wakijaa bafuni kwetu uani. Shuleni tuliambiwa mkojo wenye sukari huwavuta. Bafu hilo tunalitumia wawili, mimi na mama. Kwa woga wangu nikajihukumu papo hapo: ni mimi. Na bandarini Mtwara, ninakofanya kazi ya muda, karani haajiriwi moja kwa moja mpaka daktari aupime mkojo wake. Zamu yangu ilikuwa jana.

Nikamwomba mama chupa moja ya mkojo wake. Nilimwambia wangu hautoshi. Alicheka mpaka akashika mlango.

"Makubwa haya! Mimi sikukanyaga darasa, leo mkojo wangu unaomba ukarani?"

Nikacheka naye, kisha nikaipeleka chupa kwa jina langu.

Leo asubuhi daktari aliniita. Dawa yake ya buluu, alipoichemsha na mkojo ule, iligeuka nyekundu kama tofali. Mkojo alipouchemsha peke yake, ulifanya ukungu mweupe. Wekundu ni sukari, akasema. Ukungu ni dalili kwamba figo zimeanza kuharibika. Kisha akanipima presha, akanibonyeza miguu, akakunja uso.

"Una kiu sana? Unaamka mara nyingi kukojoa?"

"Hapana, bwana daktari."

"Basi, bwana karani, mwili huu na mkojo huu havijuani."

Akanieleza kinachoziumiza figo za mwenye kisukari: sukari iliyoachwa miaka bila tiba, presha iliyopanda, chumvi nyingi inayoipandisha, na ukoo wenye ugonjwa huo. Kila alichotaja nilikiona nyumbani. Kata ya maji isiyotoka mkononi mwa mama. Ng'onda, samaki wake wa chumvi, asubuhi na jioni. Bibi, mama yake, aliyevimba uso mpaka akafa, nasi tukasema karogwa. Na miguu ya mama: nikimkanda jioni, kidole changu huacha shimo.

Shimo hilo nimeliona mara ngapi? Nikasema ni uchovu wa shamba.

Daktari hajaandika kitu. Anataka chupa nyingine kesho.

Naweza kumwomba mtu mwenye afya. Nitapata kazi, na mama ataendelea kuvimba bila kujua. Nikisema kweli, mimi ni karani mdanganyifu, na karani mdanganyifu nani atamkabidhi faili? Lakini bila mshahara huo, sindano za kutibu sukari nitamlipiaje? Kila njia ninayoshika inanirudisha hapo hapo.

Na mimi je? Kama ni ukoo, labda sisimizi walitufuata sote wawili. Sijui. Mkojo wangu bado haujapimwa na mtu.

Sasa hivi mama kaniita nile muhogo. Nimemwomba leo tule bila ng'onda, wote wawili. Kaniuliza nimekuwa Mzungu lini.

Nimekula muhogo mtupu.

Nimeosha chupa mbili na kukata vipande viwili vya karatasi. Kimoja nimeandika jina lake, kingine langu. Majina yanasomeka. Kesho asubuhi tutakwenda kwa daktari pamoja.