Kwa Benigna, kuhusu mkono wa Eda

Mwanangu mpendwa Benigna,

Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, mkono huu wa elimu ya watu wazima, kwa hiyo uvumilie herufi zangu. Ningeweza kumwomba katekista aniandikie, lakini mambo haya nisingeweza kuyatamka mbele ya mtu. Huku Litembo baridi ni ile ile. Wewe huko ziwani natumaini unalala ndani ya chandarua. Sikuulizi zaidi habari za afya, maana aliyenijia Jumatatu amenionyesha kwamba nguvu unazo.

Alikuja mwanamke na mbasa wakavu wawili kwenye kapu. Nyuma yake binti, mkono umening'inizwa shingoni kwa khanga. Nikadhani wanauza samaki.

"Shikamoo mama. Wewe ndiye mzazi wa mwalimu Benigna, wa Kiingereza?"

Niliitikia kwa furaha, mwanangu. Nikafuta benchi wakae. Ndipo akaifungua ile khanga.

Mkono ulikuwa umevimba hata vidole vinaonekana si vyake. Juu kidogo ya kiganja mfupa umepinda. Miguuni, nyuma ya magoti, ngozi imepasuka mistari mistari, nzi wanaifuata. Mtoto halii. Anatazama mlango tu.

"Huyu ni Eda wangu, yuko kidato cha pili," mama yake akasema. "Walikuwa wanafyeka nyasi shuleni. Akaona nyoka karibu na mguu wa mwenzake, akapiga kelele, nyoka. Mwalimu Benigna akamwambia, hapa nyoka ana jina lake la Kiingereza, litafute. Hakulipata. Akachapwa, akachapwa, akakinga na mkono."

"Na nyoka?" Sijui kwa nini niliuliza hivyo.

"Alikwenda zake," Eda akasema. "Yeye hakuulizwa kitu."

Mama yake akatoa kicheko kifupi, cha mtu asiyelala siku nyingi. Kisha akaniambia lililomleta. Baba wa Eda na wadogo zake wameapa kukusubiri na makafi ya mitumbwi yao kwenye njia yako ya kisimani. "Nimewashika miguu," alisema. "Nimewaambia, ngojeni kwanza niende kwa mama yake. Kama ana mama, atasikia. Wamenipa mpaka Jumapili."

Benigna, nilitaka kumjibu kwamba mwanangu hayuko hivyo. Badala yake nikamfunga Eda khanga yake upya, maana najua ulikojifunza.

Unakumbuka tulivyoijenga ile sekondari yako? Mambo yalikuwa yamebadilika, wanunuzi binafsi wa kahawa wanakuja na magari yao, kila mtu anasema asiye na Kiingereza atabaki na jembe. Tukaambiwa wazazi wajenge wenyewe. Nilibeba tofali kichwani mpaka nywele zikakatika utosini. Siku unaingia kidato cha kwanza tukasomewa sheria, kwamba masomo yote ni Kiingereza, na ukivuka geti lugha nyingine ni kosa. Wazazi tulipiga makofi. Mkaambiwa kila mmoja alete mzigo wa fimbo. Za kwako nilizikata mimi kwenye kahawa zetu, nikachagua zilizonyooka.

Halafu ile siku ya unga. Bibi yako alikuwa kitandani anakuita, nikaja shuleni na debe la unga ili nikwambie. Uliponiona ulikimbia, ukaniuliza kwa Kimatengo, "Mama, bibi anaendeleaje?" Sikupata nafasi ya kufungua mdomo. Mwalimu wa zamu alikuwa nyuma yako. Alikupigisha magoti kwenye changarawe mbele yangu, akakuchapa mgongoni, mabegani, ulipoanguka akakuchapa ukiwa chini. Fimbo ya kwanza ilivunjika, akaagiza nyingine. Damu ilipita kwenye shati jeupe, lile la mtumba nililokununulia Mbinga mjini. Mimi nilisimama nimeshika debe langu.

Alipomaliza akaniambia, kwa Kiswahili hicho hicho, "Mama, tunamsaidia huyu."

Nikamjibu, "Asante mwalimu."

Ulinitazama ukiwa pale chini. Nikageuka, nikaondoka, hata habari ya bibi sikukupa, nikiogopa jibu langu litakuongezea fimbo. Bibi alikufa kabla ya likizo. Hukumzika. Hujaniuliza tena juu yake mpaka leo, na mimi sijakueleza kwamba alikutaja mpaka mwisho, akiuliza mtoto yuko wapi, kwa nini mmemficha.

Na likizo ile ile nikaongeza ya kwangu. Shule ilituma karatasi kwamba mzungumze Kiingereza hata majumbani. Basi nami nikatangaza sheria ndani ya nyumba yangu: Benigna asisikike Kimatengo wala Kiswahili. Kiingereza sisi hatuna, kwa hiyo ulinyamaza. Tulichimba ngoro pamoja kule mteremkoni, asubuhi mpaka jua linazama, mashimo na mashimo, bila neno. Baba yako akawa anatania, "Tumempeleka shule, wametuletea bubu." Siku moja ukajisahau jikoni, ukasema, "Mama, chumvi bado." Nilikuwa nasonga ugali. Nilikupiga na mwiko ule ule mdomoni, na ugali wa moto ukaganda kwenye midomo yako. Malengelenge yalikaa wiki. Ulikuwa unakunywa uji kwa pembe ya mdomo na mimi nakaa pembeni najiambia, huyu atakuwa mtu.

Ukawa mtu. Ulifaulu, ukasomea ualimu, tukachinja mbuzi, na kila aliyepita nilimwambia fimbo imemsaidia mwanangu. Sasa huu ni mwaka wa pili hujapanda kuja kutuona. Hata ulipokuja mara ya mwisho ulisema maneno machache, ukaondoka. Baba yako alisema umechoka na kazi. Mimi nilijua sivyo, maana mdomo wako aliyeufunga ni mimi.

Nimemuuliza jirani yetu, mwalimu mstaafu, sheria yenyewe inasemaje. Akaniambia, "Mama Benigna, sheria inataja lugha ya masomo. Haikutaja kwamba mtoto akiona nyoka afe na heshima zake." Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akasema hata yeye alichapa, na wengine aliowachapa akikutana nao gulioni wanavuka upande wa pili wa njia.

Sheria mimi siwezi kuibadilisha, Benigna. Sijui hata ilitungwa wapi. Mkuu wa wilaya akija hapa anatuhutubia kwa Kiswahili, redio ni Kiswahili, mahakama pale Mbinga hakimu ananiuliza kwa Kiswahili. Kwa nini mtoto apasuliwe ngozi kwa hicho hicho, mwenye kujua aniambie. Wewe endelea kufundisha hicho Kiingereza, na ukifundishe vizuri. Lakini fimbo weka chini. Na usiseme ni sheria. Nilisema hivyo mimi nilipokuwa na mwiko mkononi.

Jana usiku Eda alilala usingizi wa vipande vipande, nami nimekaa kando yake. Hapa hospitali ya misheni, nilikompeleka, wamemnyoosha mfupa, wamemfunga plasta. Walipouvuta alipiga kelele moja tu, kisha akajiziba mdomo na mkono ule mzima. Nilimwambia, "Lia, mjukuu wangu, lia kwa lugha yoyote." Akalia Kinyasa. Nilikuwa simwelewi na nilikuwa namwelewa. Nikalia naye, nikikulilia wewe wa siku ile ya changarawe, kilio ambacho nilipaswa kulia pale pale mbele ya mwalimu.

Naomba unisamehe, mwanangu. Siombi ili mambo yaishe kirahisi. Wewe nawe utaomba kwa Eda, kwa mdomo wako, na kwa lugha anayoielewa.

Sasa sikiliza. Usikimbilie Songea. Usilale kwa mwenzako. Hospitali wakimruhusu Eda, Jumamosi nashuka naye kwa lori la mahindi. Jumapili baada ya ibada tutakwenda wote kwa wale wanaume. Nitatangulia mimi, wewe utakuwa nyuma yangu. Nitawaeleza nani alikata fimbo za kwanza. Kama wamekusudia kupiga, wataanzia kwangu, na sitakinga mkono.

Barua hii sijaifunga. Yale niliyosema nisingeweza kuyatamka mbele ya mtu, nimemsomea yote mama Eda, akasikiliza mpaka mwisho, akasema ataileta mwenyewe. Kwa hiyo huyo aliyesimama mlangoni kwako wakati unasoma ni yeye. Ametembea sana, na miguu yake imevimba.

Mpe kiti.

Ni mimi mama yako, ninayekupenda na kukuogopea,
Mama Benigna