Maji Niliyoyatia Kwenye Betri

Jumatano, msimu wa kaskazi, 1969. Alasiri.

Joto la leo halisemeki. Kuta za nyumba hii ya Mji Mkongwe zina moto mpaka ndani, na mimi nna aibu. Sijui kipi kinanitoa jasho zaidi.

Pikipiki imekataa kuwaka. Mimi bwana shamba, wakulima wa Kidichi wananingoja, na bila ya pikipiki sina kazi. Nimepiga kiki asubuhi mpaka mguu ukafa ganzi. Honi inatoa kisauti cha mgonjwa. Nikaisukuma juani mpaka Darajani, kwa fundi Haji.

Akaifungua betri, akachungulia, akaguna.

"Umetia maji gani humu?"

"Maji safi."

"Safi gani, bwana wee, yenye chumvi? Betri ishakufa hii."

Fundi sikumwambia. Wewe shajara ntakwambia, maana huna mdomo.

Joto hili linakausha maji ya betri, kila wiki yanashuka. Ya kuongezea madukani hayapo tangu mwezi uliopita, na fundi alishanionya nisitie ya bomba wala ya kisima. Basi nikaikumbuka chupa ya zamzam ya mama. Alirudi nayo kutoka Makka, kaiweka kashani pamoja na sanda yake, ili atiwe matone mdomoni saa yake ya mwisho ikifika. Nikajiambia, yako wapi maji safi kuliko hayo? Kumbe nayo yana chumvi yake.

Nikaiba. Mara tatu.

Na mara ya mwisho, ilipobaki tupu, chupa nikaijaza maji ya bomba.

Astaghafirullah! Hilo ndilo linalonichoma. Betri ntapata nyengine. Lakini mama ni mtu mzima, kifua kinambana tangu Ijumaa, na watoto wake wengine wote wako mbali. Ningenyamaza, siku hiyo ningemdondoshea maji ya bomba, na watu wangesema alhamdulillahi, kapata zamzam.

Nikarudi nyumbani. Nikaingia chumbani kwake, nikamkuta kajilaza, anajipepea kwa upindo wa kanga. Nikamwambia yote, macho yangu sakafuni.

Akaacha kujipepea. Halafu akauliza:

"Na imewaka?"

"Haijawaka, mama."

"Ala! Basi hukufaidi wewe, wala sikufaidi mimi."

Akataka chupa. Nikampa. Akaigeuzageuza mkononi, na nikaona inavyomuuma. Maji yale aliyapakata mwenyewe melini njia nzima, hakumpa mtu kumshikia.

"Mtu mzima na akili zako," akasema, "unakwenda kukinywesha chuma zamzam!"

Nikamwomba radhi. Nililia, sioni haya kuandika. Akaniwekea mkono kichwani, akasema radhi ninayo, ila nisimuibie tena, hata sukari. Kisha akanirudishia chupa.

"Ntakwenda na ya bomba, basi. Lakini uninyweshe wewe, kwa mkono wako. Usimwachie mtu."

Nikasema naam, mama.

Fundi kaniambia nipite kesho, huenda akaniazima betri. Sipiti. Kidichi itangoja. Wiki hii sendi mbali na nyumba.