Balbu Zinazogawana

Dada yangu mpenzi,

Sisi hatujambo. Paka uliyetuachia amenenepa mpaka akipanda ngazi anapumzika katikati.

Shuleni tumeletewa kompyuta sita. Mwanzoni nilizinunia. Miaka ishirini na minne nimefundisha umeme kwa nyaya na betri za kweli, leo wanafunzi waunganishe balbu kwenye kioo!

Lakini kuna jambo nililokuficha. Mikono inanitetemeka, ndiyo maana barua hii nimeichapa. Daktari anasema haitatulia tena. Muhula uliopita nilidondosha betri mbele ya darasa, nikasingizia baridi, kisha nikaandika barua ya kuacha kazi.

Basi Jumanne nikawafungulia jaribio la mtandaoni. Wakavuta nyaya kwa kidole, wakaongeza betri mpaka balbu ikalipuka humo kwenye kioo. Kicheko chake! Wakailipua tena makusudi. Yule binti tunayemwita Kimya, ambaye hajawahi kuuliza swali, akasimama.

"Mwalimu, mbona nikiongeza balbu ya pili zote zinafifia?"

"Wewe unaonaje?"

"Labda zinagawana nguvu."

"Haya, tuonyeshe."

Akatuonyesha, darasa zima limemzunguka. Mimi nimekaa, mikono mapajani, na somo linakwenda.

Barua ya kuacha kazi nimeichana. Mama usimwambie habari za mikono, nitamweleza mwenyewe likizo. Jana Kimya aliniuliza kama mtu akiruka mwezini anafika juu zaidi. Nilijifanya sijui, akakimbilia kompyuta kutafuta mwenyewe.

Akupendaye,
Mdogo wako