Udongo Ulimkubali Zaina

Shangazi Zaina,

Shikamoo. Najua ungeniambia kwamba aliye kaburini haamkiwi, ila najua pia kuwa hukuwahi kumsamehe mtu aliyekupita bila shikamoo. Basi ipokee.

Kwanza nikuombe radhi. Siku ya msiba wako kaka zako walipanda kutoka Bungu, wakakuosha wao, na kabla jeneza halijatoka wakatangaza uani kwamba anayekwenda kuzikwa ni Zuberi, jina uliloliacha ukiwa kijana. Nilikuwa nyuma ya nyumba pamoja na kina mama. Nikasikia, nikanyamaza. Nilijiambia kuwa msibani si mahali pa ugomvi. Uongo mtupu! Niliogopa tu. Niliogopa wasije wakanigeukia na mimi, waulize Rajabu mtoto wa Mzee Athumani anafanya nini katikati ya wanawake.

Na wewe ndiye uliyenitoa huko kwa Rajabu. Nilikuja kwako nikiwa nimetoroka kikosi cha vijana wa kujenga barabara, baba ananitafuta kijiji kizima. Hukunihoji. Ulinipa bonge la udongo ukasema, "Finyanga kwanza, maneno baadaye." Nilipomaliza kile chungu changu, kimepinda kama shavu la mwenye jino bovu, ndipo ukauliza, "Na aliyekifinyanga anaitwa nani?" Nikasema, Rehema. Ulikuwa mtu wa kwanza kulisikia. Ukaliita mara tatu ili ulizoee, halafu ukanituma maji.

Darasa lako halijafa, Shangazi. Kila Jumatano tunakutana kwenye banda la kijiji, watoto mgongoni, ukungu hadi mlangoni. Mama Salome wa kwaya bado anakanda udongo kwa miguu huku akiimba, na bado anaimba vibaya anapochoka. Udongo ukipumzika chini ya majani ya mgomba tunasimulia, kama ulivyotuzoesha. Kila mgeni anasimuliwa habari, ulizoambiwa na bibi yako, za yule mfinyanzi wa zamani aliyezaliwa akapewa upinde kama wavulana wote, akauweka chini na kwenda mtoni kuchimba udongo na wanawake wenzake. Kisha anasimuliwa habari zako. Kisha kila mtu anafinyanga alichosikia. Wiki iliyopita Mama Salome alikufinyanga wewe, na kilemba chako. Kiuno amekuzidishia.

Sasa nikueleze kisa chenyewe. Mwezi uliopita kijiji kilichagua vyungu vyetu viende kwenye maonyesho ya wilaya, kule Lushoto. Vyako saba vikawekwa mbele. Bwana Maendeleo wa wilaya, kijana mpole tu, akaja na vikadi vya kuandika majina ya mafundi. Alipofika kwenye vyako, mwenyekiti wa kijiji akamwambia aandike: Zuberi Hassani, mkulima.

Mkulima! Wewe uliyeshindwa hata na magimbi!

Mwenyekiti akasema serikali haiandiki hadithi, yule alikuwa mghosi, mwanamume kama yeye. Safari hii mdomo wangu haukunisubiri. Nikasema, "Basi vivunje."

Wote walijua ninachosema. Mila yetu hapa milimani haina kona: mwanamume hasogelei udongo wala moto wa vyungu, na akisogea, vyote vinapasuka. Mwenyekiti mwenyewe, pamoja na kadi yake ya chama, siku tukichoma anapita njia ya juu. Nikamwambia, "Mama yako anapikia maharage kwenye chungu cha Zaina tangu hujaota ndevu. Kimepasuka?"

Mama Salome akanipokea hapo hapo: "Miaka yote hiyo tumechoma naye moto mmoja. Sasa ama mila ya bibi zetu ni ya uongo, ama ni hicho kikaratasi. Chagua, mwanangu, sisi hatuna haraka." Akakaa chini kwenye matope. Na wengine wakakaa, mmoja mmoja, kila mtu na chungu mapajani. Dereva wa lori akapiga honi hadi akachoka. Mama yake mwenyekiti, aliyekuja kutazama tu, akajikongoja katikati yetu, akachukua chungu chako kikubwa, akakikumbatia.

Mwenyekiti akatazama milima, akatazama lori. "Andika wanavyotaka. Gari linachelewa."

Kikadi kikaandikwa: Zaina, mfinyanzi. Bwana Maendeleo ana mwandiko mzuri, ungeupenda. Nilishuka na vyungu hadi Lushoto, nikasimama kando yavyo kutwa nzima. Watu walikuwa wanakisoma kile kikadi kwa sauti. Mama mmoja wa sokoni akaniuliza Zaina anapatikana wapi, anataka mtungi. Nikamwambia amefariki, nikalia pale pale mbele ya umati, kamasi na yote. Sikujali.

Usidhani yameisha. Mwenyekiti hakusahau. Ameniletea barua niende kwenye kikao Jumatatu, ijulikane nani atasimamia darasa na kushika ufunguo wa banda. Barua imeandikwa kwa Ndugu Rajabu Athumani. Ujumbe nimeuelewa. Nikiitika jina hilo, mila itanitoa kwenye udongo bila yeye kuinua kidole. Nisipoitika, banda hatuna.

Naogopa, Shangazi, sikufichi. Lakini woga wa kunyamaza nimeshaujua, nao ni mbaya kuliko huu. Banda wakilichukua tutafinyanga mtoni, mvua itunyeshee. Watu wa chama wanahubiri kila siku kwamba mtu ale jasho lake. Haya, langu hili hapa, linanuka udongo.

Kwaheri, Shangazi yangu. Pumzika, kazi tunayo sisi, na habari zako zitasimuliwa kila Jumatano maadamu nina mikono. Jumatatu nitavaa gauni langu la kijani, nikae benchi la mbele na kina mama. Wakimwita Rehema, nitasimama. Wakimwita Rajabu, nitageuka kutazama mlangoni kama wenzangu, nione kama amefika.

Mwanao,
Rehema